Dozi Ndiyo Kipimo: Utengenezaji wa Erojeli za Silika na Nafasi Yake katika Kubeba Dawa kwa Mazingira ya Mtinko, Mkoani Singida

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna erojeli za silika zinavyotengenezwa na namna zinavyoweza kubeba dawa zisizoyeyuka vizuri katika maji. Teknolojia hiyo inatazamwa kutoka Mtinko, kata ya vijijini mkoani Singida, ambako mgonjwa anaweza kupata dawa mseto ya malaria bila kuwa na chakula chenye mafuta kinachoisaidia dawa hiyo kufyonzwa. Mambo matatu yanabainishwa. Kwanza, nguvu inayoibomoa jeli wakati wa kukauka ndiyo inayoifungua erojeli tumboni. Pili, njia ya ukaushaji huathiri kasi ya kutoka kwa dawa. Hivyo njia nafuu haiwezi kuwekwa mahali pa njia ghali bila kubadili tabia ya dawa yenyewe. Tatu, wepesi wa erojeli unaifanya ifae dawa za dozi ndogo na ishindwe na dawa za dozi kubwa. Makala yanahitimisha kuwa kila pendekezo la kutumia erojeli lianze na hesabu ya dozi, na lilinganishwe na suluhisho la kawaida linalopatikana mahali husika.

1.0 Utangulizi

Mtinko ni kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Singida, kaskazini mwa mji wa Singida. Eneo hilo ni sehemu ya nyanda kame za kati ya Tanzania. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakulima hutegemea mtama, uwele, mahindi na alizeti. Huduma za tiba katika maeneo ya aina hii humfikia mwananchi kupitia hospitali, kama ile ya Mtakatifu Carolus iliyopo Mtinko, pamoja na vituo vya afya, zahanati na maduka ya dawa muhimu.

Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye kiwango kidogo cha maambukizi ya malaria. Hali hiyo haiondoi tatizo. Mahali penye maambukizi machache watu wengi hukua bila kinga ya kutosha, na kila mgonjwa anayebainika anahitaji kutibiwa kikamilifu. Mwaka 2006 Tanzania Bara ilibadili mwongozo wa tiba, na dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali ikawa mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ambao wananchi huuita dawa mseto. Mchanganyiko huo una nguvu, lakini una udhaifu mmoja wa kikemia: viambato vyake vyote viwili ni vya asili ya mafuta na haviyeyuki vizuri katika maji. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanabainisha kuwa ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, ufyonzwaji wa artemetha huongezeka zaidi ya mara mbili, na ule wa lumefantrini huongezeka takribani mara 16, ikilinganishwa na kuimeza tumbo likiwa tupu.

Tofauti ya mara 16 si jambo dogo kwa mtoto mwenye homa anayekataa kula, wala kwa familia iliyo katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, ambayo chakula chake ni uji wa uwele usio na maziwa. Kiwango cha dawa katika damu kikiwa kidogo, vimelea vinaweza kusalia. Vimelea vinavyosalia vikiwa vimeonja dawa bila kufa ndivyo chimbuko la ukinzani. Hofu hiyo ina msingi katika Afrika Mashariki, kwa kuwa mabadiliko ya jeni ya kelch13 yanayohusishwa na ukinzani wa kiasi dhidi ya artemisinini yamethibitishwa nchini Rwanda, nchini Uganda na katika mkoa wa Kagera.

Kutokana na hali hiyo, swali linaloongoza makala haya ni je, kibebeo kilichotengenezwa kwa silika kinaweza kuifanya dawa iyeyuke bila kutegemea mlo wa mgonjwa? Ili kulijibu, ni lazima kwanza ieleweke erojeli ni kitu gani na inatengenezwaje.

2.0 Dhana ya Erojeli na Chimbuko Lake

Jeli ni wavu wa mango ulioshikilia kimiminika ndani yake. Uji mzito ulioachwa ukapoa na kuganda ni mfano wa karibu: sehemu kubwa ya tungamo lake ni maji, lakini hautiririki, kwa sababu wanga umejenga wavu unaoyashikilia maji hayo. Jeli ya kawaida ikiachwa juani, maji hutoka, wavu hujikunja, na kinachobaki ni kipande kidogo kigumu kilichopasukapasuka. Erojeli ni jeli iliyoondolewa kimiminika chake bila wavu kujikunja, hewa ikachukua nafasi iliyoachwa.

Samuel Stephens Kistler, mwanakemia wa Marekani, alichapisha taarifa ya kwanza ya kufanikiwa kwa jambo hilo mwaka 1931. Alianza na jeli iliyotokana na sodiamu silikati na asidi, akaondoa maji kwa kuyabadilisha na alkoholi, kisha akaiondoa alkoholi hiyo katika chombo kilichofungwa chenye joto na kanieneo kubwa. Mwaka 1968 Nicolaon na Teichner, watafiti wa Lyon nchini Ufaransa, walionesha kuwa jeli inaweza kutengenezwa moja kwa moja ndani ya alkoholi kwa kutumia kampaundi za silikoni zenye vikundi vya alkoksi. Hatua hiyo ilifuta kazi ndefu ya kubadilisha maji na kuondoa chumvi.

Sifa za kitu hicho zinaeleweka vizuri kwa hesabu. Wavu wa silika wenyewe una densiti ya takribani gramu 2.2 kwa sentimita moja ya ujazo. Erojeli ya kawaida ina densiti ya takribani gramu 0.1. Kwa hiyo silika huchukua chini ya asilimia 5 ya ujazo wote, na zaidi ya asilimia 95 ni nafasi tupu. Nafasi hiyo imegawanyika katika vitundu ambavyo vingi vina kipenyo cha kati ya nanomita 2 na 50. Kwa kuwa vitundu ni vingi na vidogo mno, gramu moja ya erojeli huwa na eneo la uso la kati ya meta za mraba 500 na 1,200. Mtafiti wa dawa huvutiwa na eneo hilo, kwa sababu ndipo molekuli za dawa zinapoweza kutandazwa.

3.0 Kutoka Mchanga na Pumba hadi Jeli

Utengenezaji huanza na chanzo cha silika. Maabara nyingi hutumia tetraethoksisilani, kimiminika safi lakini cha bei kubwa. Chanzo nafuu ni sodiamu silikati, inayopatikana kwa kuyeyusha mchanga pamoja na magadi katika joto kali, au kwa kuchemsha majivu yenye silika katika sodiamu haidroksidi. Malighafi hizo zipo katika ukanda huu. Magadi yamekuwa yakivunwa kwa biashara katika Ziwa Magadi nchini Kenya tangu miaka ya 1910. Pumba za mpunga hurundikana kwenye mashine za kukoboa katika mikoa inayolima zao hilo, kama vile Shinyanga, Mbeya na Morogoro. Pumba hizo zikichomwa huacha majivu ya takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Sharti ni kuzichoma kwa joto la wastani, lisilozidi takribani nyuzi 700 za Selsiasi, ili silika isigeuke fuwele.

Hatua ya pili ni kuunda soli, yaani kimiminika chenye chembe za silika za ukubwa wa nanomita chache zinazoelea bila kutuama. Sodiamu silikati ikiongezewa asidi hutoa asidi ya silisiki, na molekuli za asidi hiyo huungana kwa kutoa maji. Chembe hukua, hugusana, kisha hushikana mnyororo kwa mnyororo hadi kimiminika chote kinaacha kutiririka. Hapo soli imekuwa jeli. Muda wa kuganda hutegemea uasidi, joto na ukolezi wa silika. Unaweza kuwa dakika chache au siku kadhaa. Sodiamu na chumvi iliyojitokeza huondolewa kwa kuosha jeli mara kadhaa, au kwa kuipitisha sodiamu silikati mapema kwenye resini inayobadilisha ioni.

Hatua ya tatu ni kuikomaza jeli. Jeli changa ni dhaifu. Ikiachwa ndani ya kimiminika chake kwa saa nyingi, silika huyeyuka polepole kutoka sehemu zilizochomoza na kujijenga upya kwenye shingo zinazounganisha chembe. Shingo hunenepa na wavu hupata nguvu. Baada ya hapo maji yaliyo ndani hubadilishwa na alkoholi kwa kuiloweka jeli mara kwa mara. Kazi hiyo haiharakishwi, kwa sababu alkoholi haina budi kupenya hadi katikati ya kipande, na muda unaohitajika huongezeka kwa mraba wa unene wake.

4.0 Ukaushaji na Nguvu ya Vitundu

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na sababu yake inaweza kukokotolewa. Kimiminika kinapotoka kwenye kitundu huacha uso uliopinda, na mvutano wa uso huo huzivuta kuta za kitundu. Kanieneo inayotokea ni sawa na mara mbili ya mvutano wa uso ikigawanywa kwa nusu kipenyo cha kitundu. Kwa maji, ambayo mvutano wake ni milinyutoni 72 kwa meta, katika kitundu chenye nusu kipenyo cha nanomita 5, jibu ni takribani megapaskali 29. Hiyo ni zaidi ya mara 280 ya kanieneo ya angahewa. Kwa ethanoli, yenye mvutano wa takribani milinyutoni 22, jibu hushuka hadi megapaskali 9 hivi, na bado ni kubwa kwa wavu mwepesi namna hiyo. Njia zote za ukaushaji ni namna mbalimbali za kuikwepa au kuistahimili nguvu hii.

Njia ya kwanza huikwepa. Kila kimiminika kina nukta ya ukomo, yaani joto na kanieneo ambavyo vikipitwa tofauti kati ya kimiminika na gesi hutoweka. Pasipokuwa na mpaka kati ya kimiminika na gesi hapana uso, na pasipo na uso hapana mvutano. Ukomo wa ethanoli ni nyuzi 241 za Selsiasi na megapaskali 6 hivi, hali ambayo ni ya hatari kwa kimiminika kinachowaka. Mwaka 1985 Tewari, Hunt na Lofftus, watafiti wa Berkeley nchini Marekani, walionesha kuwa kaboni dayoksaidi inaweza kuchukua nafasi ya alkoholi. Ukomo wake ni nyuzi 31 na megapaskali 7.4: joto ni la kawaida na gesi haiwaki. Tanzania ina chanzo cha asili cha gesi hiyo, kwa kuwa huvunwa kutoka ardhini katika eneo la Rungwe, mkoani Mbeya. Kikwazo si gesi. Kikwazo ni chombo kinachohimili kanieneo hiyo kwa usalama, pampu yake, umeme wa uhakika na fundi anayeweza kuvitunza.

Njia ya pili huistahimili nguvu ya vitundu. Uso wa silika hufunikwa kwa vikundi vya methaili, kwa mfano kwa kutumia trimethailiklorosilani, na kimiminika kilichomo hubadilishwa na chenye mvutano mdogo kama heksani. Wakati wa kukauka katika kanieneo ya kawaida wavu hujikunja, lakini kwa kuwa nyuso zilizofunikwa haziwezi kuungana, wavu hufutuka tena na kurudi karibu na ukubwa wake wa awali. Katika njia hii Mtanzania ana mchango unaoonekana. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Hanyang nchini Korea Kusini alishiriki katika tafiti za erojeli za silika zinazokaushwa kwa kanieneo ya kawaida. Alishiriki pia katika utafiti wa silika, iliyotokana na chanzo nafuu, inayotoa ioni za fedha kidogokidogo. Baadaye alibuni chujio la maji lililompatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Egid Mubofu, James Mdoe na wenzao walitumia mafuta ya maganda ya korosho kuunda silika yenye vitundu, wakaitumia kushikilia kimeng'enya. Mifano hii inaonesha kuwa kemia ya silika yenye vitundu si ngeni nchini.

Hata hivyo, njia mbili hizi hazitoi kitu kimoja. Erojeli iliyokaushwa kwa kaboni dayoksaidi hubaki na vikundi vya haidroksili usoni, hivyo huvuta maji. Ile iliyofunikwa kwa methaili huyakataa maji. Kwa mtengenezaji wa vizuia joto vya majengo, kukataa maji ni sifa njema. Kwa mtengenezaji wa dawa, tofauti hiyo hubadili maana ya bidhaa nzima.

5.0 Kupakia Dawa na Kuitoa

Dawa inaweza kuongezwa katika soli kabla haijaganda, lakini hapo hukutana na asidi, besi na alkoholi za kuosha, na sehemu yake hupotea. Njia iliyozoeleka zaidi ni kuipakia baada ya erojeli kukamilika. Dawa huyeyushwa ndani ya kaboni dayoksaidi iliyopita nukta ya ukomo, gesi hiyo hupenya vitunduni, na molekuli za dawa hunata kwenye uso wa silika. Gesi ikiachiliwa hutoka bila kuacha mabaki. Mwaka 2004 Irina Smirnova na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya kupakia dawa kama ketoprofeni na griseofulvini kwa njia hiyo, wakaonesha kuwa kutoka kwenye erojeli inayovuta maji dawa hizo huyeyuka kwa kasi kubwa kuliko fuwele zake za kawaida.

Sababu ya kasi hiyo ni mbili. Kwanza, dawa haiko tena katika umbo la fuwele. Molekuli zake zimetandazwa, kwa hiyo hakuna nishati inayotumika kuibomoa fuwele. Pili, maji ya tumboni yakiingia katika vitundu, ile kanieneo ya megapaskali 29 huuvunja wavu. Nguvu ambayo mtengenezaji alihangaika kuikwepa wakati wa kukausha sasa inafanya kazi kwa manufaa yake. Erojeli inayokataa maji, kwa upande wake, hailowi upesi, na dawa hutoka humo kwa kuvuja polepole. Aliyechagua kukausha kwa kanieneo ya kawaida ili kupunguza gharama huwa, pengine bila kukusudia, amechagua dawa inayotoka taratibu. Anaweza kuondoa methaili kwa kuichoma erojeli katika hewa yenye joto la nyuzi 400 hivi au zaidi, lakini hiyo ni hatua nyingine, nishati nyingine na gharama nyingine. Aidha, miongozo ya kimataifa huruhusu mabaki ya heksani katika dawa yasiyozidi sehemu 290 kwa milioni, ilhali ya ethanoli huruhusiwa hadi sehemu 5,000.

Kuna mpaka mmoja ambao mara nyingi husahauliwa. Chumvi ya mawe na chumvi iliyosagwa hutofautiana kasi ya kuyeyuka, lakini kikombe kimoja cha maji hakiwezi kushikilia chumvi nyingi zaidi kwa sababu tu imesagwa. Vivyo hivyo, erojeli huongeza kasi ya kuyeyuka, na kwa muda inaweza kuinua ukolezi wa dawa kupita kiwango cha kawaida, lakini haibadili uwezo wa maji ya utumbo wa kuishikilia dawa hiyo. Dawa iliyozidi isipofyonzwa mapema inaweza kuganda tena kuwa fuwele.

6.0 Hesabu ya Dozi

Kiasi cha dawa kinachoweza kunata kwenye erojeli kina kikomo kinachokadirika. Tuchukue erojeli yenye eneo la meta za mraba 800 kwa gramu, na molekuli ya dawa inayokalia nanomita moja ya mraba. Uso wote utajazwa na molekuli zipatazo 8 × 10²⁰. Kwa artemetha, yenye uzito wa molekuli wa 298, hiyo ni sawa na gramu 0.4 za dawa kwa kila gramu ya erojeli, yaani asilimia 28 ya uzito wa mchanganyiko. Kwa hiyo kukadiria upakiaji wa asilimia 20 ni kukadiria vizuri bila kutia chumvi. Jedwali Na. 1 linatumia kiwango hicho pamoja na densiti ya gramu 0.1 kwa sentimita ya ujazo.

Jedwali Na. 1: Erojeli inayohitajika kwa mmezo mmoja wa dawa

| Dawa na mhusika | Dawa (mg) | Erojeli (mg) | Ujazo (sm³) |
|---|---|---|---|
| Artemetha, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 | 20 | 80 | 0.8 |
| Artemetha, mtu mzima | 80 | 320 | 3.2 |
| Lumefantrini, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 | 120 | 480 | 4.8 |
| Lumefantrini, mtu mzima | 480 | 1,920 | 19.2 |
| Prazikwanteli, mtoto wa kilo 30 (mg 40 kwa kilo) | 1,200 | 4,800 | 48.0 |

Kapsuli ya ukubwa wa 00, ambayo ni miongoni mwa kubwa zinazomezwa na watu, ina ujazo wa sentimita 0.95 hivi. Artemetha ya mtoto mdogo ingeenea katika kapsuli moja, au katika pakiti ndogo ya unga wa kukorogwa. Lumefantrini ya mtu mzima ingehitaji zaidi ya kapsuli 20 kwa mmezo mmoja, na tiba kamili ina mimezo sita kwa siku tatu. Prazikwanteli ya kichocho, ambayo hutolewa kwa wanafunzi kwa wingi, ingekuwa takribani vijiko kumi vya chai vya unga. Hali halisi ingekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa unga huwa na nafasi kati ya chembe na chembe. Kuigandamiza erojeli kuwa kidonge hupunguza ujazo, lakini pia huponda vitundu ambavyo ndivyo vilivyoleta faida.

Hesabu hii haihitaji maabara, na inapaswa kutangulia maabara. Inaonesha kuwa wepesi wa erojeli, sifa inayosifiwa kuliko zote, ndio unaoipunguzia nafasi katika tiba za dozi kubwa.

7.0 Kijiko cha Mafuta ya Alizeti

Kibebeo kipya hupimwa kwa kulinganishwa na kile ambacho mgonjwa anaweza kukipata leo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Ashley na wenzake waliwapa watu wazima wenye afya lumefantrini pamoja na viwango mbalimbali vya maziwa ya soya. Walikadiria kuwa mililita 36 za maziwa hayo, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zilitosha kuleta asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu kabisa. Mlo mnono haukuhitajika.

Singida ni mkoa wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta yake ni sehemu ya uchumi wake. Gramu 1.2 za mafuta ya alizeti ni takribani mililita 1.3, yaani karibu robo ya kijiko cha chai. Endapo matokeo ya maziwa ya soya yatathibitika pia kwa mafuta ya alizeti katika uji, na kwa wagonjwa badala ya watu wenye afya, basi kwa lumefantrini erojeli itakuwa inashindana na robo ya kijiko cha bidhaa iliyomo jikoni.

Ulinganisho huo una msingi wa kikemia pia. Mafuta huamsha utoaji wa nyongo, na nyongo huunda matone madogo yanayoihifadhi lumefantrini ndani yake. Kwa maneno mengine, mafuta huongeza uwezo wa utumbo wa kuishikilia dawa, jambo ambalo erojeli peke yake hailifanyi. Kwa dawa yenye dozi kubwa na yenye kupenda mafuta, kasi bila uwezo haitoshi. Kwa hiyo utafiti wowote wa kupakia lumefantrini kwenye kibebeo cha silika usiulinganishe mchanganyiko huo na kidonge kinachomezwa kwa maji matupu peke yake. Uweke pia kundi la wanaomeza kidonge hicho kwa uji uliotiwa mafuta.

Hoja hii haimalizi tatizo la mgonjwa wa Mtinko. Mtoto anayetapika hawezi kunywa hata huo uji, na maelekezo ya kumeza dawa pamoja na mafuta hayana maana yasipotolewa na muuguzi au muuza dawa. Lakini inaonesha kuwa sehemu ya pengo hilo ni ya maelezo, na pengo la maelezo halizibwi kwa silika.

8.0 Usalama na Utunzaji

Neno silika huamsha hofu ya haki mahali penye uchimbaji. Mkoa wa Singida una historia ya dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, iliyoanza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na vumbi la miamba yenye kwazi hujulikana kuleta ugonjwa wa mapafu wa silikosisi. Silika ya erojeli haina umbo la fuwele kama kwazi. Silika ya namna hiyo hutumika tayari kwa kiasi kidogo katika vidonge na vyakula, na ikimezwa huyeyuka taratibu kuwa asidi ya silisiki inayotoka kwa mkojo. Hata hivyo, usalama wa kumeza hauthibitishi usalama wa kuvuta kwa pumzi. Mfanyakazi anayeisaga erojeli anahitaji kinga ya vumbi. Kwa dawa za kuvuta hadi mapafuni, ambako wepesi wa chembe ni faida, watafiti wengi wameelekea kwenye erojeli za polisakaridi zinazooza mwilini. Miongoni mwa vyanzo vyake ni karajinani, inayotokana na mwani kama ule unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Utunzaji nao ni mtihani. Erojeli inayovuta maji huvuta pia unyevu wa hewa. Vitundu hujikunja na dawa inaweza kurudi kuwa fuwele kabla haijamfikia mgonjwa. Dawa za nchi za joto hupimwa uimara wake katika nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65 au 75, na bidhaa ya namna hii ingelazimika kufaulu kipimo hicho kabla ya kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ingehitaji pakiti iliyofungwa kila dozi peke yake. Duka la dawa lenye paa la bati katika kijiji cha Singida ndilo mazingira halisi ambayo pakiti hiyo ingekaa, kiangazi na masika.

9.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa erojeli ya silika inaweza kutengenezwa kwa malighafi zinazopatikana Afrika Mashariki, na kwamba ujuzi wa kemia yake upo Tanzania. Yameonesha pia kuwa hayo mawili hayatoshi kuifanya iwe kibebeo kinachofaa. Maswali matatu yanapaswa kutangulia. Je, dozi ya dawa ikigawanywa kwa kiwango cha upakiaji na kwa densiti inatoa ujazo unaomezeka? Je, njia ya ukaushaji iliyochaguliwa inatoa uso unaovuta maji au unaoyakataa, na je, hiyo ndiyo kasi inayotakiwa na ugonjwa? Je, kipo kitu cha kawaida mahali husika kinachofanya kazi hiyohiyo?

Kwa prazikwanteli na lumefantrini ya watu wazima, swali la kwanza linatoa jibu la hapana. Kwa lumefantrini ya watoto ujazo si kikwazo kikubwa, lakini swali la tatu linadai majaribio ya mafuta ya alizeti yafanywe kwanza. Nafasi ya erojeli inabaki kwa dawa za miligramu chache au makumi machache ambazo hazina msaada wa chakula, na kwa matayarisho ya watoto ambapo unga wa kukorogwa ni bora kuliko kidonge. Artemetha ya watoto inastahili kuchunguzwa katika kundi hilo, kwa masharti kwamba uimara wake katika joto na unyevu upimwe sambamba na kasi yake ya kuyeyuka. Utafiti utakaoanza na hesabu hizo utaokoa fedha za maabara. Zaidi ya hapo, utamwepusha mgonjwa na ahadi ambayo kapsuli yake isingeweza kuibeba.